Hedseti nimeziacha dukani

Leo nimetoka Luthuli Avenue, Nairobi, na maiki ya USB tu.

Hedifoni ninazo, zile zilizo wazi nyuma. Kwenye gemu ya kufyatuliana risasi, Counter-Strike 2, nasikia adui ananyatia kutoka upande gani kabla hajajitokeza. Iliyokosekana ni maiki ya kuchukua sauti yangu mimi.

Muuzaji akanirekodi mara mbili. Maiki ya hedseti, yaani hedifoni zenye maiki yake: sauti nyembamba, kama niko ndani ya debe. Kisha hii ya kadioidi, inayochukua zaidi sauti ya mbele na kupunguza ya nyuma.

Jamani! Nilisikia mpaka pumzi zangu. Nikaona haya, eti huyu ndiye mimi?

Nyumbani nimehamishia kompyuta nyuma ya maiki, feni haisikiki sana.

Wadau, nyinyi mnatumia nini? Na majirani usiku wanasemaje?