Mama yangu mbele ya kazi za Alvin Ailey

Alvin Ailey alizaliwa tarehe 5 Januari 1931 katika mji mdogo wa Rogers, Texas, na kabla hajawa mtunzi wa dansi aliyeombwa kazi hata na kundi la baleti la American Ballet Theatre, alikuwa mtoto aliyefuatana na mama yake, Lula Cooper, kwenda kuchuma pamba katika mashamba ya watu. Habari hiyo ndiyo iliyonifanya nimpeleke mama yangu, mnamo Januari 2025, katika jumba la makumbusho la Whitney jijini New York, kwani mama amelima pamba Maswa tangu kabla sijazaliwa, na pamba hiyo ndiyo iliyonisomesha.

Maonyesho kuhusu Ailey yalichukua ghorofa ya tano. Kuta zilipakwa rangi nyekundu, na juu yake picha za video za dansi zilipita mfululizo, huku chini yake daftari na barua za Ailey zikiwekwa pamoja na kazi za wasanii zaidi ya 80, Romare Bearden akiwa mmojawapo. Nilifurahishwa sana na uamuzi wa msimamizi wa maonyesho, Adrienne Edwards, wa kutoifanya Texas kuwa aya fupi ya kusomwa mlangoni na kusahauliwa. Mashamba, makanisa ya Kibaptisti na vilabu vya pombe vya kijijini vilikuwapo kila tulikogeuka, kwa sababu ndimo zilimotoka kazi kama Blues Suite ya mwaka 1958 na Revelations ya mwaka 1960.

Revelations ilipoonekana juu ya ukuta, wachezaji wakiwa wamevaa nyeupe na vitambaa virefu vikitikiswa jukwaani mithili ya maji, sikuwa nimeeleza lolote. Mama alisema mara moja, "Hawa wanakwenda kubatizwa." Yeye mwenyewe alibatizwa mtoni akiwa msichana, na akaanza kunionyesha kwa mkono namna wazee wa kanisa walivyotangulia kuingia majini. Wanawake wenye magauni ya manjano, viti vidogo na vipepeo vya mkononi walimfurahisha zaidi. Alidai kwamba anawajua wote kwa majina.

Lakini aliposimama kwa muda mrefu ni mbele ya Cry, dansi ya dakika zipatazo 16 ambayo Ailey aliitunga mwaka 1971 kama zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mama yake, akiitolea pia kwa wanawake weusi wote popote walipo, hasa mama zetu. Judith Jamison anacheza peke yake na kitambaa kirefu cheupe, ambacho mara ni tambara la kusugulia sakafu, mara ni vazi la heshima mabegani. "Huyo anadeki nyumba ya watu," mama alisema, kisha akaongeza kwamba mgongo ule ni wa mtu aliyeinama kutwa. Wataalamu hueleza, nao wana haki, kwamba mgongo ulionyooka bapa namna ile ni mafunzo ya Lester Horton, ambaye Ailey alianza kusoma kwake mjini Los Angeles mwaka 1949. Hata hivyo naamini mama aliona kilichotangulia mafunzo. Kwetu Usukumani vijana hucheza bugobogobo wakiwa na majembe mikononi, na hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba mchezo ule umetoka shambani. Mama aliitazama Cry kwa jicho hilohilo, na kwangu ufafanuzi wake ulikuwa na uzito kuliko maandishi yote yaliyobandikwa pale.

Aliniuliza mchezaji yule yuko wapi sasa. Nilimjibu kwamba Jamison alifariki tarehe 9 Novemba 2024, maonyesho yakiwa bado yanaendelea. Mama alimwombea, akataka tuitazame tena tangu mwanzo, nasi tukangoja mpaka zamu yake iliporudi.

Tulipotoka alinitaka nimtajie jina la mama yake Ailey hadi alipolishika sawasawa. Kesho yake asubuhi, Maswa ikiwa jioni, alimpigia simu mama mdogo, akamsimulia habari za Lula Cooper kwa kirefu, jinsi alivyochuma pamba isiyo yake akiwa na mtoto ubavuni, na ndipo akaja kumweleza kwamba mtoto huyo alikuwa mtunzi wa dansi.