Maumivu Yaliyohama

Leo nimetolewa nyuzi za upasuaji wa kidole tumbo, na nimecheka bila kushika tumbo. Ngoja niandike mapema, kabla kumbukumbu zangu hazijachanganyika na za wanaokuja kunipa pole. Kila mgeni ana hadithi yake ya kidole tumbo: mmoja ana binamu aliyemeza mbegu, mwingine ana jirani aliyekimbia akiwa ameshiba. Nawaitikia tu, nguvu za kubishana bado hazijarudi.

Maumivu yangu yalianzia kitovuni. Hayakuwa makali, yalikuwa uzito fulani kama wa gesi, wa kukufanya uinuke, uketi, uende chooni na kurudi bila nafuu. Chakula cha jioni nilikitazama tu. Baadaye nikatapika. Usiku wa manane maumivu yakateremkia kulia, chini, karibu na mfupa wa nyonga, na hapo ningeweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole.

Mama, kwa simu, alipendekeza dawa ya kulainisha choo. Dada akamjibu kwa adabu lakini bila kuyumba: "Hapana mama, hamezi kitu mpaka aonwe." Alikuwa sahihi. Dawa hizo na maji ya kusafishia utumbo vinaweza kukipasua kidole kilichokwisha kuvimba, na tumbo lenye chakula ni hatari mtu akipewa nusu kaputi.

Garini kila tuta lilinichoma kulekule kulia. Nikashangaa daktari aliponiuliza hilo karibu mwanzoni kabisa: "Njiani, kwenye matuta, ulijisikiaje?" Kumbe ni dalili wanayoitafuta. Kisha akanirudisha nyuma: yalianza saa ngapi, wapi, kutapika kulitangulia maumivu au kulifuata? Alitaka mambo kwa mpangilio wake. Kwa kawaida kwenye kidole tumbo maumivu hutangulia, hamu ya kula hupotea, kutapika hufuata, na homa huja baadaye, tena huwa ndogo.

Hilo la kuhama ndilo lililonikaa kichwani, na siku iliyofuata nilimwomba anieleze. Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kinachoning'inia pale utumbo mpana unapoanzia. Mlango wake ukizibwa, pengine na kipande cha choo kilichokauka, pengine na tezi zilizovimba ndani ya ukuta wake, ute hujaa, bakteria huzaliana, nacho huvimba. Mishipa ya fahamu ya kidole chenyewe haijui kuonyesha mahali. Hupeleka habari kwenye uti wa mgongo kwa njia ileile ya eneo la kitovu, basi ubongo unadhani kitovu ndicho kinachouma. Uvimbe ukigusa utando uliofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, mishipa mingine inashika zamu, na hiyo inajua hasa kinachouma kiko wapi. Nilimwomba arudie mara ya pili, kwa raha tu ya kusikia.

Alinipima kwa mikono kwanza. Alibonyeza kushoto, nikaumia kulia. Alibonyeza kulia taratibu akaachia ghafla, na kule kuachia ndiko kulikonitoa machozi. Damu ikaonyesha chembe nyeupe zimepanda. Wakanipima mimba pia, dada akageuka ukutani kuficha kicheko. Lakini si mzaha, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huweza kuuma vilevile na kuua haraka. Ultrasaundi ikamaliza ubishi. Na dawa ya maumivu nilipewa mapema, kinyume na ile hofu ya zamani kwamba itaficha ugonjwa.

Si kila mtu huumwa kwa utaratibu kama wangu. Kidole kikilala nyuma ya utumbo, mgonjwa hulalamikia ubavu au mgongo. Kikining'inia kwenye nyonga, anaweza kuharisha au kukojoa mara kwa mara. Kwa watoto wadogo, wazee na wajawazito ndiko ugonjwa huu hukosewa zaidi kutambuliwa.

Mwenzangu wa kitanda cha jirani aliamka maumivu yamepungua, akashukuru. Kumbe kidole chake kilikuwa kimepasuka. Baadaye tumbo zima likakakamaa na homa ikapanda. Yeye alikutwa na jipu, wakaanza kwa kuingiza mrija kutoa usaha pamoja na dawa za kuua bakteria kwa dripu. Mfalme Edward VII wa Uingereza naye alifunguliwa jipu la namna hiyo Juni 1902, siku 2 kabla ya kutawazwa. Sherehe ikasogezwa hadi Agosti.

Mimi nilielezwa njia mbili. Kidole ambacho hakijapasuka huweza kutibiwa kwa dawa peke yake, ila utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2020 ulikuta kama watu 3 kati ya 10 waliotibiwa hivyo waliishia kufanyiwa upasuaji ndani ya siku 90, na kwa wenye kijiwe ndani, yaani kile kipande cha choo kilichokauka, ilikuwa kama 4 kati ya 10. Changu kilikuwa na kijiwe. Nikachagua njia ya pili, upasuaji wa matundu matatu madogo.

Ya chumba cha upasuaji siyajui, nilikuwa usingizini. Ninachokumbuka ni bega la kulia kuuma kwa sababu ya gesi waliyolipulizia tumbo, na muuguzi aliyekuja kuniuliza, kwa sauti ya wodi nzima kusikia, "Umeshatoa hewa, mpenzi?" Nilipoweza kumjibu ndiyo, dada alipiga vigelegele. Ni ishara kwamba utumbo umeamka.

Nimeambiwa nisinyanyue vizito kwanza, na nirudi haraka nikipata homa, kidonda kikitoa usaha, au tumbo likijaa. Kidole chenyewe kimepelekwa maabara, kwa kuwa mara chache hukutwa na uvimbe mdogo usiotarajiwa. Majibu hayajatoka. Dada ameshaandika tarehe ya kuyafuata kwenye mlango wa friji, kwa herufi kubwa, kana kwamba nitasahau.