Januari Unaripoti Ofisini, Mei Una Pepa

Mitihani mikuu ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi Tanzania, hufanyika Mei na Novemba. Mhitimu anayeanza kazi ofisi ya ukaguzi Januari hutazama kalenda, akaona miezi minne imekaa wazi, akajiandikisha pepa nne. Miezi hiyo si yake. Makampuni mengi hufunga hesabu 31 Desemba, na mabenki yanatakiwa kuchapisha hesabu zilizokaguliwa kabla Machi haijaisha. Mkaguzi mchanga anashinda kwa mteja akihesabu stoku na kufukuzia barua za uthibitisho wa salio, nyumbani anafika saa tatu usiku. Kwa Mei pepa mbili zinamtosha, nyingine zisubiri Novemba.

Kwa mhasibu wa serikali mambo yanageuka. Mwaka wake unaishia 30 Juni na hesabu zinatakiwa kwa CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ifikapo 30 Septemba, kwa hiyo pepa nzito azimalize Mei. Akitegemea kusoma Agosti kwa ajili ya Novemba, amejidanganya.

Ukiwa kitengo cha fedha kwenye kampuni ya kawaida, mwezi wenyewe ndio wa kuuchunguza. PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, inalipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, ritani ya VAT ni tarehe 20, mwisho wa mwezi kuna mishahara na kufunga vitabu. Unabaki na tarehe 8 hadi 17, halafu 21 hadi 26 hivi. Mada mpya ziweke humo. Siku nyingine fanya maswali dakika 40 alfajiri kabla ya foleni. Kichwa kilichoshinda kwenye Excel hakishiki kiwango kipya cha uhasibu saa nne usiku.

Suala la likizo huwakuta wengi wamelala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 28 za likizo ya mwaka, lakini ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Ukianza Januari, Mei hujaifikia. Siku za mtihani zinategemea sera ya mwajiri, basi ziulize kabla ya kusaini, tena zipate kwa maandishi. Mwajiri akilipia ada, soma pia kifungu kinachosema utarudisha kiasi gani ukiacha kazi, na ndani ya muda gani.

Tuje kwenye kusoma kwenyewe. Watu husema ukifanya kazi ya uhasibu mtihani unakuwa mwepesi. Si kweli sana, kwa sababu ofisini unarithi faili la mwaka jana na jedwali lililotengenezwa na mtu mwingine. Wewe unabadilisha tarakimu tu.

Chukua IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha hesabu za upangaji. Pango la ofisi ni shilingi milioni 10 kwa mwaka, miaka 3, riba 12%. Mifano mingi ya vitabuni huweka malipo mwisho wa mwaka: milioni 10 mara 2.402 (namba ya jedwali inayoshusha malipo ya miaka 3 kwa 12% hadi thamani ya leo), dhima, yaani deni, ya kuanzia 24,020,000. Lakini Dar es Salaam nani anapangishwa alipe mwisho wa mwaka? Kodi ni mbele. Swali likija hivyo, malipo ya kwanza hayapunguzwi thamani, yametoka siku hiyohiyo. Yanayobaki ni mawili: 0.893 + 0.797 ni 1.690, dhima ni 16,900,000. Haki ya kutumia jengo inaingia kwa 26,900,000, yaani dhima hiyo na milioni 10 iliyolipwa mbele, uchakavu 8,966,667 kila mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza ni 12% ya 16,900,000, yaani 2,028,000, na dhima inafunga mwaka ikiwa 18,928,000. Kati ya hizo, milioni 10 ni dhima ya muda mfupi, kwa kuwa inalipwa kesho yake. Aliyekariri jedwali atapiga riba juu ya 24,020,000, na kuanzia hapo kila mstari unaofuata umepinda.

Kodi nayo ni hivyohivyo. Programu ya mishahara inakutolea PAYE ukiwa unakunywa chai. Ikokotoe kwa mkono angalau mara moja kwa mwezi. Kwa Tanzania Bara, mshahara wa 1,200,000 ukitoa NSSF ya 10% unabaki 1,080,000. Laki 2 na 70 za kwanza hazina kodi. 250,000 kwa 8% ni 20,000. 240,000 kwa 20% ni 48,000. 240,000 kwa 25% ni 60,000. 80,000 zilizobaki kwa 30% ni 24,000. Jumla 152,000. Viwango vipya huanza 1 Julai, kwa hiyo hakikisha pepa yako inatumia Sheria ya Fedha ya mwaka gani.

Ukaguzi ndio pepa ambayo kazi inakusaidia kweli, mradi uulize sababu. Barua ya kuthibitisha salio benki huitumi kwa mkono wa mteja kwa vile ushahidi ukipita kwake unaweza kuguswa njiani. Sentensi hiyo ina alama. Kutiki kisanduku hakuna.

Halafu muda. Saa 3 kwa alama 100 ni dakika 1.8 kwa alama, swali la alama 20 ni dakika 36. Zikiisha, iache mizania hata kama haijabalansi, hamia swali linalofuata. Mhasibu wa kazini hapa ndipo anapokwama: amezoea kutafuta tofauti ya shilingi 300 mpaka usiku.