Kila kitu isipokuwa safari

"Wifi, hapa umeandika kila kitu isipokuwa safari yenyewe."

Wifi yangu alisema hivyo Jumapili jioni, daftari langu likiwa mapajani mwake na chai yake ikiwa imeshapoa. Hakuwa na ubaya. Alisoma ukurasa mzima kimya, akageuza, akasoma wa pili, akanirudishia na maneno hayo, kisha akauliza kama mahindi yaliyo jikoni yameiva. Leo Alhamisi, na neno lile bado limenikwama kooni kama mwiba wa samaki ngege. Juma hili mwenye nyumba amepandisha kodi, kazini wametuhamishia ghorofa ya tatu, kitinda mimba ameng'oka jino, na mimi kila nikikaa chini ninamsikia wifi.

Safari yenyewe ni hii: siku nne, usiku tatu, Agosti shule zikifungwa. Watu watano ndani ya Probox, Nakuru, Kericho, Kisumu, Kakamega, hema Buyangu kwenye msitu wa Kakamega, kisha kurudi kwa Webuye na Eldoret. Nilichokiandika ni hesabu yake, na mpaka sasa siioni kosa lake ukiihukumu kama hesabu.

Tuanze na petroli, maana hapo ndipo wengi hujidanganya. Mzunguko huo kwenye ramani, Nakuru hadi Nakuru, ni karibu kilomita 500. Usiandike 500. Andika 600, kwa sababu kuna kwenda kutafuta mkate, kuna kukosa njia ya kuingilia, kuna kurudi mjini kuchaji simu. Halafu usitumie ulaji wa gari tupu. Probox inayoenda kilomita 14 kwa lita ikiwa na dereva peke yake hushuka hadi 12 ikibeba watu watano na mzigo kwenye keria, maana keria hushika upepo. Kurudi ni ghali kuliko kwenda: Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukipita Timboroa, kati ya Eldoret na Nakuru, uko karibu mita 2,700. Mlima huo wote unaulipia wewe. Kwa hiyo 600 gawanya kwa 12 ni lita 50. Nikiweka lita kwa shilingi 185 napata 9,250.

Baba watoto alitaka tuondoke kabla ya tarehe 15, kwa kuwa bei mpya ya mafuta hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi na kuanza kutumika siku inayofuata. Nilimwonyesha: hata lita ikipanda kwa shilingi tano, kwa lita 50 ni 250 tu. Kilomita 100 zisizopangwa ni zaidi ya 1,500. Bora uchunge kilomita kuliko kalenda.

Chakula nimeweka 6,000. Unga pakiti mbili za kilo mbili, mchele kilo tatu, omena kavu kwa kuwa haihitaji barafu, viazi na kabeji za kutoka hapa. Nyama ni ya usiku wa kwanza pekee, iliyochemshwa nyumbani na chumvi, iungwe kule. Mayai trei moja. Usiyaweke kwenye trei yake: yatumbukize moja moja ndani ya ndoo ya mchele, ncha nyembamba ikiangalia chini, mpaka mchele uyafunike. Barabara ikitikisa, mchele unacheza na yai halipasuki. Ukifika unapika yai na mchele kwa zamu, na ndoo inapungua.

Gesi na mkaa 1,750. Hema la pili la kukodi, 500 kwa usiku, 1,500. Gari 1,500: pancha mbili na mkanda wa feni wa akiba, ununuliwe Nakuru mchana kwa bei ya kawaida, kwa kuwa ukikatika Timboroa usiku utaununua kwa bei ya yule atakayekuwa nao. Jumla 20,000. Dharura ni asilimia 15, yaani 3,000, na inakaa kwenye laini nyingine ya simu ili mkono usiizoee. Pancha siiiti dharura. Pancha inajulikana itakuja, kwa hiyo ina mstari wake.

Ada za hifadhi nimeziacha kwenye ukurasa wa peke yake. Lango la Buyangu liko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na malipo ni ya mtandaoni, si ya noti. Angalia bei juma lile lile mnalosafiri, maana ada hubadilishwa na daftari la safari ya zamani litakupotosha. Mtu hulipiwa kivyake, gari kwa idadi ya viti, na kulala kwenye hema ni malipo mengine tena. Beba vitambulisho, la sivyo hakuna cha kuthibitisha kwamba unastahili bei ya mwananchi. Lipa usiku wa kabla yake, ukiwa na mtandao mzuri, usingoje kusimama langoni na simu inayozunguka tu.

Nikaandika pia yanayokula pesa kimyakimya. Kutoa elfu moja mara sita kwa wakala kunakutoza kama mara mbili ya kutoa elfu sita kwa mkupuo. Viazi vya Molo na mchele wa Ahero barabarani vina mvuto, lakini ile ni manunuzi ya nyumba, itoke kwenye pesa za nyumba. Nimeona hesabu nyingi za safari zikifa kwa gunia la viazi. Na turubai la kutandika chini ya hema: likunjwe liwe dogo kuliko sakafu ya hema. Kakamega mvua huja mchana kuelekea jioni, tena kubwa. Turubai likichomoza pembeni linakinga maji na kuyapeleka chini ya mgongo wako, na kesho yake unanunua blanketi ambalo halikuwa kwenye bajeti.

Sasa niambieni, nini kimekosekana hapo?

Jana usiku, watoto wamelala, nilifungua daftari nikaanza kuhesabu mistari. Ni 23. Nikachukua kalamu nyekundu nikaweka alama penye kila mstari unaozuia jambo baya: njaa, mvua, pancha, kuishiwa, kufukuzwa langoni. Alama 22. Ule mmoja uliobaki ulikuwa "sukari".

Nilikaa pale muda. Hasira niliyokuwa nayo kwa wifi ilitoka yenyewe. Tunaendesha gari kutwa nzima kwenda kwenye msitu wenye mbega na ndege aina ya shorobe, kuna kilima cha Buyangu ambacho watu hukipanda alfajiri kuutazama msitu wote chini yao, na mimi sikuwa nimeandika mahali popote kwamba tutakipanda. Tungefika, tungepika, tungelala pakavu, tungerudi.

Basi nikatafuta. Mkaa, 450, nimeufuta: meko ya kilo sita ikiwa imejaa haimalizi hata nusu kwa usiku tatu, mkaa ulikuwa wa wasiwasi tu. Kilomita za ziada nimezipunguza kutoka 100 hadi 50, maana mkate tutabeba na simu zitachajiwa garini. Hizo ni lita nne na kidogo, shilingi 770. Mkate, soda na mayai ya mchana wa siku ya kwanza, 780, nimeviondoa. Jumla 2,000 kamili. Mchana huo tutakula samaki Dunga, ufukweni Kisumu, ngege wakubwa wawili na ugali, tugawane. Zinazobaki ni za mwongozaji wa alfajiri; bei yake huulizwa na kukubaliwa kabla hamjaanza kutembea, na mkiwa watano ulizeni kama ni ya kundi au ya kila kichwa. Dharura sijaigusa.

Sikujua mstari huo niuite nini. Nikajaribu "burudani", nikakata. "Matembezi", nikakata. Mwishowe nikaandika: *Safari, 2,000.*

Nimeupiga picha ukurasa nimtumie wifi, bado sijatuma. Nitamtumia kesho, au nitamngoja Jumapili asome mwenyewe huku nikimwangalia uso.

Baba amepiga simu mchana huu kutoka nyumbani. Mguu umevimba tena, ule wa kushoto. Anasema ni kiatu.