Mbao Moja, Shingo Nne

Tabora, Jumamosi usiku

Leo sikukata kitu. Tangu asubuhi nimeizunguka mbao moja ya mninga kwa penseli na skwea, nikitafuta pa kuchora shingo za gitaa: unene inchi 3, upana inchi 6, urefu futi 7. Niliinunua mbichi, ikiwa na alama ya nyundo ya maofisa wa misitu, inayoonyesha ni mbao halali, kichwani, na kwa miaka mitatu imelala juu ya fito chini ya paa la karakana yangu hapa Isevya, kwa sababu mbao inayokaushwa kwa hewa huhitaji takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene.

Kijana anayejifunza kwangu alikuwa ameshaifuta vumbi mbao nyingine, ile yenye mawimbi mekundu yanayometameta. "Fundi, kwa nini tusitumie hii? Mteja akiiona tu, amelipa." Sikumbishia kuhusu uzuri wake. Nilimweleza kwamba mawimbi yale ni nyuzi za mbao zinazopanda na kushuka, na kila zinapokatikia juu ya uso, hapo shingo imepungukiwa nguvu. (Kiswahili kimeziita nyuzi hizo na zile za gitaa kwa jina moja, nasi tunaelewana tu.) Nyuzi sita za chuma huivuta shingo kwa nguvu ya takriban kilo 70, sawa na uzito wa mtu mzima, usiku na mchana, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani.

Nilijifunza hayo kwa aibu. Gitaa langu la kwanza nililitengeneza Oktoba, wakati hewa ya Tabora ni kavu kabisa, kwa mbao yenye mawimbi ambayo haikuwa imekauka vizuri. Februari, mvua zikiwa zimekolea, mzee mmoja wa kwaya alinirudishia. Hakusema neno. Aliliinua usawa wa jicho, akaitazama shingo kutoka kichwani kama mtu anayelenga bunduki, kisha akanikabidhi nami nitazame. Ilikuwa imejisokota. Kwa muda mrefu niliilaumu mvua.

Basi leo nilianza na kichwa cha mbao. Nilikipiga randa mpaka miviringo ya ukuaji ikaonekana, nayo imelala sambamba na uso mpana. Wengi wakiona hivyo huiacha, kwa kuwa shingo hutakiwa iwe na miviringo iliyosimama chini ya ubao wa vidole, pale mpigaji anapobonyeza nyuzi. Lakini nikiichora shingo kwa ubavu juu ya ule uso mpana, unene wa mbao ndio unaogeuka kuwa upana wa shingo, na miviringo iliyokuwa imelala inasimama yenyewe. Ndiyo maana nilitafuta mbao ya inchi 3. Kisha nilipasua kipande kidogo cha pembeni kwa patasi, kwa sababu ufa hufuata nyuzi za mbao na haudanganyi kama rangi. Ulikwenda karibu sambamba na ukingo.

Kila shingo nimeipa milimita 650, pamoja na kichwa cha kukazia nyuzi. Kichwa sitakichonga kwa kukiinamisha ndani ya mbao ileile, maana nyuzi zingekatika pale pembeni na gitaa likianguka mara moja kingevunjika. Nitakata mshazari wa digrii 15, nikigeuze kipande na kukigandisha kwa gundi. Faida nyingine ni kwamba shingo inabaki imenyooka kwenye mchoro, kwa hiyo mbili zinalala kinyumenyume, kisigino cha moja, pale inapoungana na sanduku la gitaa, juu ya mkono wa nyingine, ndani ya inchi 6 zilezile. Kipande kinachobaki katikati kitatoa madaraja ya gitaa, yale yanayoshika nyuzi juu ya sanduku.

Kwa hesabu ya karatasi zingetoka shingo sita. Ila kuna fundo dogo, si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, na nyuzi huanza kulikwepa kabla hata hujalifikia. Nilijaribu kusogeza mchoro mara tatu, nikafuta, nikachora tena. Mwishowe niliitupa jozi nzima ya kati, na kijana akaguna.

Zimebaki nne, nimeziandika namba. Zikishakatwa kwa ukubwa wa ziada zitapumzika wiki kadhaa, zionyeshe kama zina nia ya kupinda, kabla ya kuwekewa ubao wa vidole wa mpingo. Jumatatu nitaanza na namba 3, ambayo ndiyo iliyo mbali zaidi na fundo.