Kuhasi mbwa kwa lazima? Huduma kwanza

Wazo la sheria ya kulazimisha kila mwenye mbwa Nakuru amhasi (amwondolee uwezo wa kuzaa, awe dume au jike) linasikika vizuri, hasa ukipita karibu na jaa la Gioto uone mbwa wanaozurura. Lakini faini bila huduma nafuu itawafanya watu wawatupe mbwa usiku, basi.

Hesabu yenyewe inatisha. Mbwa jike huanza joto, yaani kipindi cha kutaka dume, akiwa na miezi 6 hivi, hubeba mimba kwa takriban siku 63, na aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Ukihasi madume pekee, dume mmoja aliyebaki mtaani anatosha kuharibu kazi yote. Anza na majike.

Usimpeleke jike kuhasiwa akiwa kwenye joto: mishipa ya kizazi imejaa damu, upasuaji unakuwa mgumu. Mbwa mzima asile kwa saa 8 hadi 12 kabla ya dawa ya usingizi. Ugali wa alfajiri "kidogo tu" unaweza kumfanya atapike na matapishi yaingie mapafuni. Baadaye, siku 10 hadi 14 asioge wala kulamba mshono, mvalishe kola pana ya kumzuia kulamba. Dume aliyehasiwa bado anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mtenge.

Na kila mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo ya upasuaji, maana kumkamata tena ni shughuli.