Likizo ya frateri: kahawa, kigango na msiba wa baba mdogo

Likizo ndefu ya seminari kuu huanza mwezi wa sita, na kwetu Kagera mwezi wa sita ni kahawa. Kwa hiyo kila mwaka ninapofunga begi seminarini Segerea, Dar es Salaam, kuna watu wawili wananisubiri. Paroko anataka niripoti parokiani mara nifikapo. Baba hasemi anachotaka, anapiga simu na kuuliza tu, "Mnafunga lini?" Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni takriban kilomita 1,400, na ndani ya basi mtu ana muda wa kutosha kuwaza atakavyowaridhisha wote wawili.

Wengi hudhani frateri, yaani mwanafunzi wa upadre, akiwa likizo anapumzika. Kanoni ya 258 ya sheria ya Kanisa inataka waseminari wafundishwe kazi ya kichungaji, hasa wakati wa likizo, chini ya padre mwenye uzoefu. Mwisho wa likizo paroko anamwandikia gombera, mkuu wa seminari, barua kuhusu mwenendo wako. Barua imefungwa kwa gundi, unaibeba mwenyewe kwenye begi, na hujui imesema nini.

Mwaka huu niliomba kugawa juma. Jumatatu hadi Jumatano ningekuwa nyumbani, siku zilizobaki ningekuwa parokiani. Paroko alikubali, ila akaongeza kwamba katekista akinipigia simu, siku zote zinakuwa za parokia. Nilicheka. Baadaye niliona hakuwa anatania.

Nyumbani kazi ya kwanza ilikuwa kuacha kuwa mgeni. Ukishavaa kanzu nyeupe mbele ya watu, hata mama aliyekuzaa anaanza kukuita Frateri. Nikiingia sebuleni wadogo zangu wanasimama kunipisha kiti. Maji ya kuoga yanapelekwa bafuni kabla sijaomba, na nikishika panga mtu ananinyang'anya. Hotuba isingesaidia, basi nilianza kuamka kabla ya wengine na kuingia kibanjani, shamba letu la nyumbani, na kikapu. Siku za mwanzo mama alinung'unika kwamba majirani watasema wanamtesa mtumishi wa Mungu. Mwishowe tulipatana: nikiwa kibanjani ananiita jina langu, wageni wakija narudi kuwa Frateri. Hadi leo ndivyo tunavyoishi.

Kahawa yetu ni robusta, imepandwa katikati ya migomba. Unachuma zilizoiva, unaacha mbichi, na zote haziivi kwa siku moja, kwa hiyo mti uleule unaurudia tena na tena. Zilizochumwa zinaanikwa uani juu ya turubai na kugeuzwa kwa mikono mpaka ukizitikisa zinalia ndani ya ganda. Wingu likitokea upande wa ziwa, nyumba nzima inakimbia kuanua, hata kama tuko katikati ya rosari. Mwaka jana baba aliuza sehemu ya kahawa ikiwa bado mtini, kile tunachokiita butura, kwa bei ambayo hapendi kuitaja, kwa sababu ada ya mdogo wangu ilikuwa haingoji. Safari hii alisema butura hapana, kahawa yote itaanikwa na itakwenda chama cha msingi cha ushirika. Ndiyo maana alikuwa akiuliza tunafunga lini. Alihitaji mikono.

Jioni nilikuwa nasali Masifu peke yangu chumbani, hadi usiku mmoja umeme ukakatika nikahamia sebuleni na tochi ya simu. Baba akasema, "Soma kwa sauti, na sisi tusikie." Tangu hapo ikawa sala ya wote. Zaburi zile nilikuwa nazisoma kwa kasi ya seminari. Baba alikuwa akinisimamisha katikati ya mstari kuuliza ni adui gani huyo mzaburi anamlalamikia kila siku. Sina hakika kama mwalimu wangu wa Maandiko Matakatifu angeridhika na majibu niliyompa.

Parokiani nilipewa watoto wa komunyo ya kwanza na kigango kimoja cha mbali, yaani tawi la parokia. Kuhusu watoto nitasema machache: majibu ya katekisimu wanayajua kwa wimbo, lakini ukigeuza swali kidogo wanakutazama kama umewaibia. Binti mmoja aliniuliza kama hostia ikivunjwa vipande Yesu naye anagawanyika. Nilifurahi kuliko siku niliyofaulu mtihani wa sakramenti. Kwenye Misa waumini walikuwa wakinong'ona kwa nini Frateri hahubiri, na paroko aliwaeleza kwamba homilia ndani ya Misa ni ya padre au shemasi. Kigangoni, Jumapili padre asipofika, tulikuwa na ibada ya Neno, na hapo katekista alinipa nafasi ya kufafanua masomo. Baada ya ile ya kwanza aliniambia kwa upole, "Frateri, umesema vizuri. Lakini bibi zangu wale wa mbele walitembea saa nzima. Wape neno moja la kurudi nalo." Katekista huyo sisi tunamwita Mwalimu. Ameongoza kigango kile tangu mimi nikiwa mtoto wa Utoto Mtakatifu.

Baba mdogo alikuwa mgonjwa tangu kabla sijafika. Nyumba yake ni ya pili kutoka kwetu, na mama alinipa kazi ya kumpelekea uji asubuhi. Alikuwa ameacha jumuiya, kile kikundi cha Wakristo majirani wanaosali pamoja, kwa miaka mingi baada ya ugomvi wa michango ya ujenzi wa kigango. Nani alimtuhumu nani sikuuliza, maana kila mtu ana toleo lake. Kusali hakuacha, rosari ilikuwa kitandani mwake. Kwenye misiba ya watu ndiye aliyekuwa anapasua kuni tangu alfajiri. Jumuiya tu ndiyo hakutaka kuisikia. Mimi nilikuwa nikikaa naye, tunazungumza kahawa na mpira. Nilijizuia kumletea mada ya kanisa, si kwa hekima kubwa, bali kwa sababu alikuwa baba yangu na mimi kwake nilikuwa mtoto. Asubuhi moja alisukuma kikombe cha uji pembeni akasema, "Mwambie padre aje." Paroko alikuja kwa pikipiki siku ileile. Sisi tukatoka nje. Alimwungamisha, akampa mpako wa wagonjwa na komunyo.

Alipofariki, paroko alikuwa kwenye mafungo ya mapadre, mbali. Nyasi zikatandikwa, ndizi zikaanza kuletwa, na jioni ileile maneno yakafika: jumuiya haitashiriki mazishi, marehemu hayumo kwenye daftari.

Mtu asiyeishi kwetu anaweza kuona ni jambo dogo. Tangu maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walipoamua miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa uchungaji, jumuiya ndiyo inayomtambua Mkristo. Inapeleka majina ya ubatizo, inathibitisha wanaotaka ndoa, inazika. Ni jambo jema sana, mimi mwenyewe nimelelewa nalo. Lakini daftari likiachwa peke yake linakuwa mlango wa chuma.

Ndugu wote wakanigeukia. Shangazi alisema mbele ya watu, "Si tuna Frateri humu ndani?" Nilikuwa na jibu mdomoni. Kanoni ya 1184 inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa, nayo haisemi chochote kuhusu kadi wala zaka. Tena hata wale waliotajwa hawanyimwi wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, na huyu alikuwa amepewa sakramenti! Ningeisoma pale uani, ningeshinda, na mwenyekiti wa jumuiya angeaibika mbele ya kijiji ambacho ataendelea kuishi nacho mimi nikiwa nimerudi Dar. Nikampigia Mwalimu.

Usiku tulikwenda wawili kwa mwenyekiti. Mwalimu hakutaja sheria. Aliuliza habari za mifugo, akanywa chai, kisha akasema padre alikuwa amefika kwa mgonjwa na amempa sakramenti zote. Mwenyekiti hakuwa na habari hiyo. Alinyamaza, akauliza, "Aliungama?" Mwalimu akajibu, "Frateri alikuwa nje ya mlango." Mke wa mwenyekiti, aliyekuwa jikoni, akatoa sauti kwamba kuni za msiba wa mama mkwe wake alipasua nani. Hatukukaa sana baada ya hapo. Jumuiya ilikuja. Wachache walibaki kwao, na nadhani bado wana lao moyoni.

Paroko alisema kwa simu, "Katekista aongoze. Wewe soma somo la kwanza, kisha ukae na baba yako." Nilitamani kuongoza, nakiri, kanzu ilikuwa imeshapigwa pasi. Lakini tulipofika kaburini kwenye migomba nilielewa alichokiona. Baba alikuwa akimzika mdogo wake wa mwisho, na mkono wake ulinishika kwenye kiwiko tangu jeneza liliposhuka mpaka udongo ulipojaa. Mwalimu alihubiri kwa dakika chache. Aliwapa neno moja la kurudi nalo.

Kahawa ilichelewa kuanuliwa wiki ile na baadhi ikashika ukungu. Baba aliitenga bila kulalamika.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza paroko jumuiya inaishia wapi na sheria ya Kanisa inaanzia wapi. Alikuwa akilamba bahasha ya gombera, akanijibu nikamuulize mwalimu wangu wa sheria. Nilimuuliza, naye akasema huo ndio mjadala wa kazi yangu ya muhula. Sasa naandika sura ya pili, kuhusu kanoni ya 1184, na vitabu vya maktaba vinanisaidia nusu tu. Nusu nyingine namuuliza Mwalimu kwa simu Jumatatu jioni, siku ambayo hana mafundisho, na kila mara anaanza kwa kunipa bei ya kahawa ya mnada uliopita.